Kikao kilijaa, uloto haukupatikana

Jumapili ile sebule ya dada yangu haikutosha. Tulikodi viti vya plastiki 20, vikaisha, vijana wakajibanza barazani na wengine wakasikiliza kupitia dirishani. Baba mdogo alitoka Kilosa na basi la alfajiri. Shangazi wa mtoto, ambaye hakuwa amekanyaga Dar es Salaam tangu msiba wa mwaka juzi, alikuja na jogoo. Mpwa wangu wa miaka tisa, mwenye selimundu, alikuwa ametoka wodini kwa mara ya nne ndani ya mwaka mmoja, na daktari alikuwa ametamka jambo ambalo wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza: kupandikiza uloto.

Kila aliyesimama alisema yale yale. Damu yetu ni moja, nipimeni mimi. Mhazini akachaguliwa, grupu la WhatsApp likafunguliwa kabla chai haijapoa, na kufika jioni simu ya mhazini ilikuwa imepokea milioni mbili na ushee. Nasema bila kejeli: katika kuchanga tumebobea. Harusi, kipaimara, msiba, ada, jeneza la kusafirishwa Bukoba. Tunajua kiwango cha kila mtu, na tunamjua anayeahidi asilete.

Jumatano daktari akatupa orodha ya wanaotakiwa kupimwa. Ilikuwa na watu wawili, na wote ni watoto wa dada yangu.

Uloto ni ile nyama laini ya ndani ya mfupa, tunayoigongea sahani tukinywa supu. Wengine huiita uboho. Humo ndimo chembe za damu zinamozaliwa. Kwa mwenye selimundu, chembe nyekundu zinazotoka humo hujikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, na hapo ndipo mtoto anapiga kelele usiku kwa maumivu ya mifupa. Kupandikiza maana yake ni kukifuta kiwanda hicho kwa dawa kali na kuweka cha mtu mwingine. Lakini mwili si mwepesi kukaribisha. Karibu kila chembe ya mwili imebeba alama, madaktari wanaziita HLA, nusu umezipata kwa baba na nusu kwa mama. Zisipolingana, mwili unaweza kuufukuza uloto mgeni. Au mgeni mwenyewe akamgeukia mwenye nyumba, akaanza kushambulia ngozi, ini na utumbo. Hilo la pili ndilo lililomtia dada ubaridi.

Kwa hiyo wa kutazamwa kwanza ni waliotoka kwa baba na mama wale wale, na baba mdogo wa Kilosa hakuwa na nafasi ya maana. Wala mimi. Alikasirika kweli, akauliza kama yeye si wa ukoo. Hata kundi la damu, tulilokuwa tukilitaja kikaoni kama nambari za bahati nasibu, halikuwa hoja: mtu wa O anaweza kumpa uloto mtu wa A, na aliyepokea baadaye akageuka kuwa O.

Kilichoniuma zaidi ni kaka yao mkubwa. Ana miaka 22, mrefu, mwenye afya ya ng'ombe, na kwa baba ni mmoja nao ila kwa mama sivyo. Nyumbani mwetu neno "kambo" halitamkwi. Fomu ya hospitali haikuwa na adabu hiyo. Iliandika "ndugu wa baba mmoja na mama mmoja", na yeye akabaki kwenye benchi la nje akishika mfuko wa maandazi wakati wadogo zake wanatolewa damu. Siwalaumu waliotunga fomu. Sayansi ndivyo ilivyo. Lakini wanaozungumzia upandikizaji kama habari ya mashine na fedha hawajaona vipimo hivi vinavyochora mistari upya ndani ya nyumba. Kuna familia ambako mistari hiyo hufichua mambo mazito kuliko haya, na nadhani kila hospitali inayopima ndugu ingemweka mshauri nasaha kwenye meza hiyo hiyo, kabla sindano haijatoka kwenye karatasi yake.

Mmoja wa wale wawili, binti wa miaka 12, aliniuliza tukiwa kwenye foleni: "Mjomba, nikikataa, atakufa?"

Sikuwa na jibu lililo tayari. Nilimwambia anaruhusiwa kuogopa, na kwamba kazi ya kumponya mdogo wake ni ya madaktari, si yake. Mama yake aliniangalia vibaya. Bado nadhani nilikuwa sahihi. Mtoto hapaswi kubebeshwa uhai wa mwenzake kama ndoo ya maji, na kumpongeza mapema kwamba "wewe ndiye mwokozi wetu", kama shangazi alivyofanya, ni kumfungia mlango wa kusema hapana.

Majibu yalipokuja, hakuna aliyelingana. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kulingana kikamilifu, basi. Ukiwa na wawili kama sisi, uwezekano wa kuwakosa wote ni mkubwa kuliko wa kumpata mmoja. Binti alikwenda kumwomba mdogo wake msamaha. Yule hakuelewa anaombwa msamaha wa nini, akamwachia rimoti.

Ndipo majirani wakaanza: "Zaeni mwingine." Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, na ni wa kikatili. Wazazi wote wawili wana kinasaba cha selimundu, kwa hiyo kila mimba ina robo ya kuleta mtoto mgonjwa. Ukitaka mtoto asiyeugua na pia anayelingana, chukua robo tatu uzidishe kwa robo: nafasi tatu kati ya 16. Tatu kati ya 16! Kwa nafasi hizo mwanamke abebe mimba, halafu mtoto azaliwe akiwa tayari na kazi.

Inabaki kutafuta mgeni. Hapo ndipo nina ugomvi na sisi sote.

Mwaka 1974, jijini London, mama mmoja aitwaye Shirley Nolan aliyekuwa na mtoto mgonjwa na asiye na ndugu wa kumfaa alianzisha rejista ya watu walio tayari kutoa uloto kwa mtu wasiyemjua. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake. Mwanawe Anthony alifariki 1979, akiwa na miaka saba, bila kupata. Rejista ikabaki na jina lake, na leo rejista za dunia kwa pamoja zina watu zaidi ya milioni 40. Wengi wao wana asili ya Ulaya. Rejista ya Marekani, NMDP, inasema mgonjwa mzungu ana nafasi ya asilimia 79 kumpata mtu anayelingana naye kikamilifu, na mgonjwa mweusi asilimia 29. Sababu ya kwanza ni uchache wetu kwenye daftari. Ya pili ni kwamba Waafrika tuna vinasaba vyenye mchanganyiko mpana kuliko watu wa mabara mengine, kwa hiyo tunahitaji kuwa wengi zaidi ili wawili wafanane. Mgogo, Mmakonde na Mpemba hawatawakilishwa na mtu wa Berlin hata awe na roho nzuri vipi.

Na kuandikishwa chenyewe ni kitu kidogo mno. Kijiti chenye pamba kinasuguliwa ndani ya shavu. Ukiitwa baadaye, mara nyingi unachomwa sindano za kuchochea uloto kwa siku nne au tano, kisha unakaa kwenye mashine kwa saa kadhaa, damu inatoka mkono mmoja, inachujwa, inarudi kwa mwingine. Njia ya zamani ni kuuvuta kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga ukiwa umelala kwa nusukaputi. Nyonga, sio uti wa mgongo. Nilipolieleza hili kwenye grupu, mtu mmoja aliandika kwamba nguvu za kiume huisha. Mwingine akasema atapooza. Uloto unaotolewa hujirudisha ndani ya wiki chache. Unachobaki nacho ni nyonga inayouma siku kadhaa. Wale wale waliotuma elfu hamsini hamsini bila kuulizwa, siku hiyo walikuwa kimya kama maji mtungini.

Ukitoa hela, unatoa kitu kilichoko nje yako, na jina lako linasomwa kwenye orodha. Kwenye rejista unaweza kukaa miaka 20 usiitwe, na ukiitwa hutamjua mgonjwa ni nani kwa muda mrefu, pengine daima. Hakuna orodha ya kusoma. Naona hapo ndipo tunaposhindwa, na elimu ya sindano peke yake haitatutoa.

Tunayo pa kuanzia. Muhimbili walianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inawafanyia watoto wenye selimundu tangu 2023, wakipokea kutoka kwa ndugu zao. Katika nchi ambako takriban watoto 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, ile nafasi ya asilimia 25 kwa kila ndugu haitafika mbali. Mpango wa Damu Salama huweka meza zake vyuoni na kwenye kambi za JKT, mbele ya vijana wa miaka 18 hadi 30, umri ule ule unaotakiwa zaidi. Meza ipo, muuguzi yupo, kijana ameshakunja mkono wa shati. Kuongeza kijiti cha pamba kwenye meza hiyo kunahitaji maabara, kompyuta na sheria ya kulinda siri za watu, na hizo zina gharama. Tungeweza kuanza kwa kugawana rejista moja na Kenya na Uganda; selimundu haikuulizwa pasipoti.

Mpwa wangu sasa anameza haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu, kila jioni, na mwaka huu amelazwa mara moja tu. Madaktari wamelitaja suala la kutumia uloto wa mzazi, unaolingana nusu, na dada ameomba muda wa kufikiri. Wiki iliyopita mhazini aliandika kwenye grupu kwamba zile fedha zimefika milioni sita na laki tatu, akauliza zikae au kila mtu arudishiwe yake. Watu 41 wameusoma ujumbe. Kaka mkubwa peke yake ndiye aliyejibu, akauliza vile vijiti vya pamba vinapatikana wapi.