Uwanja wa shoo Eldoret: ardhi iliyolala?

Kila Machi, kabla mvua ya masika haijashika, wakulima wa kaunti ya Uasin Gishu, Kenya, hukusanyika kwenye uwanja wa shoo wa Eldoret. Ulingoni, kijana wa koti jeupe humtembeza fahali wa Friesian polepole, kamba imepitishwa kwenye pete ya pua, mkia umeoshwa na kuchanwa mpaka unang'aa. Mwamuzi humzunguka, akampapasa mgongo, akainama kutazama miguu inavyokanyaga. Kwa ng'ombe wa maziwa hukagua kiwele kwanza. Siku chache baadaye mahema hung'olewa, lango hufungwa, na ukiacha mkutano wa injili au sherehe ya hapa na pale, uwanja hunyamaza.

Ukimya huo ndio unaoleta maneno. Tangu Agosti 2024 Eldoret ni jiji, na mji unapopanuka, kila kipande cha ardhi kina wa kukimezea mate. Wapo wanaouliza kwa nini uwanja mzima ungoje shoo ya siku chache ilhali watoto wanapigia mpira kando ya barabara. Ni swali la haki.

Asili ya uwanja wenyewe haipendezi. Chama kilichokuja kuwa ASK, yaani Chama cha Kilimo cha Kenya kinachoandaa shoo hii, kilianzishwa mwaka 1901 kwa ajili ya walowezi. Makaburu kutoka Afrika Kusini walipanda nyanda za Uasin Gishu mwaka 1908 na magari yao ya maksai, na mji ukachipuka kwenye shamba nambari 64, ndiyo maana wengine huuita Sisibo, kutokana na "sixty-four", hadi leo. Enzi hizo ng'ombe wa kushindania utepe alikuwa wa Mzungu. Mwafrika alimwosha na kumshikia kamba. Baada ya uhuru neno "Kifalme" liliondolewa kwenye jina la chama, Rais akawa mlezi wake, na Waafrika wakaanza kununua mashamba ambamo awali walikuwa vibarua. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mahindi chotara ya H611. Kwa mkulima mdogo, shoo ikawa mahali pa kuiona mbegu ya namna hiyo ikiwa imesimama kwenye mistari yake, kibao cha jina mbele, na mtaalamu kando wa kuulizwa.

Leo mtaalamu huyo humfuata mkulima kijijini, agroveti zimejaa sokoni, na bei ya gunia iko kwenye simu. Nakubali pia kwamba bembea na vibanda vya plastiki vimekula nafasi kubwa ya shoo zetu. Lakini simu haikuonyeshi mashine tano za kupandia zikiwa zimepangwa sambamba, wala haikukutanishi na jirani wa Moiben aliyeinunua moja mwaka jana na kujua inapoharibikia. Mwenye ekari mbili, anayekusanya hela ya msimu mzima kwa ununuzi mmoja, anahitaji sana mazungumzo hayo.

Wanaotaka uwanja uwe bustani ya umma nao wana hoja nzito. Katiba ya 2010, katika Nyongeza ya Nne, imezikabidhi kaunti kilimo pamoja na bustani na sehemu za burudani. Kwa nini basi mwananchi azuiwe na uzio?

Kwa sababu uzio huo umefanya kazi. Ripoti ya mwaka 2004 ya Tume ya Ndung'u, iliyochunguza unyakuzi wa ardhi ya umma, ilionyesha jinsi misitu, viwanja vya kuchezea na hifadhi za barabara zilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Ardhi isiyo na mwenyewe wa kuipigania ndiyo iliyokuwa rahisi kuchukuliwa. Anayesema uzio ung'olewe kesho atuambie nani atailinda mipaka kesho kutwa.

Halafu kuna Januari 2008. Matokeo ya urais yalitangazwa Desemba 30, ghasia zikazuka, na siku ya mwaka mpya kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo. Maelfu ya watu waliingia uwanja wa shoo na kupiga mahema palepale penye maonyesho ya mifugo na matrekta. Uwanja wa Nakuru ulipokea wakimbizi, na Jamhuri Park ya Nairobi vilevile. Hadi serikali ilipoanzisha Operesheni Rudi Nyumbani, ya kuwarudisha wakimbizi hao makwao, mwezi Mei, bado kulikuwa na familia zilizolala humo. Hakuna aliyekuwa amepanga hivyo. Ila nafasi ilikuwapo, kubwa na isiyogawanywa. Mimi siwezi kuuita uwanja huo ardhi iliyolala.

Kwa hiyo sikubali hata robo ekari ikatwe, na vilevile sikubali lango lifungwe kwa miezi kumi na moja. Hati ibaki moja. Shule zipewe viwanja vya mpira, wazee wapate njia ya kutembea chini ya miti, kaunti ilipie walinzi na usafi, na ASK iendelee na shoo yake. Mabanda ya mifugo yatahitaji uzio wao wa ndani, maana ugonjwa wa miguu na midomo ukilipuka, karantini itawafungia ng'ombe wote nyumbani. Makubaliano hayo yaandikwe kabla ya shoo ya Machi, na ramani ya uwanja ibandikwe langoni, ili kila anayeingia aone mipaka yake inakopita.