Tiketi ya mwanafunzi na bei ya kelele: futiboli ya vyuo Marekani

Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, una nafasi ya watu 107,601. Wachukue watu 60,000 wanaoujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya Simba na Yanga, wahamishie wote pale, na bado vitabaki viti zaidi ya 47,000. Timu inayowavuta ni ya chuo, inacheza futiboli ya Kimarekani (si soka), wachezaji wake ni vijana wanaosoma. Ukiacha msimu wa korona wa 2020, tangu Novemba 1975 hakuna mechi ya nyumbani ya Michigan iliyotazamwa na watu chini ya 100,000. Na Michigan si ya peke yake: Ohio State, Penn State, Texas A&M, Tennessee, LSU, Texas na Alabama nazo zina viwanja vya watu zaidi ya 100,000.

Anayetaka kuuelewa ushabiki huu aanzie kwenye maegesho ya magari, Jumamosi asubuhi, saa kadhaa kabla ya mechi. Buti ziko wazi, majiko ya kuchomea nyama yanafuka, bibi na mjukuu wamevaa jezi ya rangi moja. Wengi ni wahitimu waliotoka chuoni miaka thelathini iliyopita na hawajakosa msimu. Ndani ya uwanja, kelele zinatoka upande mmoja: jukwaa la wanafunzi. Kwa sisi tuliozoea mpira wa Dar es Salaam, hao ndio watu wa mzunguko. Wamelipa kidogo kuliko wote, na bila wao mechi imepooza.

Swali linalowagawa mashabiki ni nani apate tiketi, na kwa bei gani. Kwenye vyuo vyenye timu kubwa, viti vizuri havinunuliwi hivi hivi. Kwanza unatoa mchango kila mwaka kwa mfuko wa michezo wa chuo, ndipo unapata haki ya kununua tiketi ya msimu. Kwa miongo kadhaa serikali ilisaidia: mchangiaji aliruhusiwa kuondoa asilimia 80 ya mchango huo kwenye mapato yanayotozwa kodi, mpaka sheria ya kodi ya 2017 ilipofuta nafuu hiyo. Asiye na mchango hubaki na tovuti za kuuziana tiketi, ambako bei hupanda kadiri mechi inavyokuwa kubwa.

Vyuo vina hoja, na ni hoja nzito. Futiboli ndiyo ng'ombe wa maziwa wa idara nzima. Ohio State inaendesha timu katika michezo zaidi ya thelathini, na kuogelea, miereka au mpira wa magongo wa wanawake haviwezi kujilipia kwa viingilio. Tangu 1972 sheria inavitaka vyuo viwape wanawake nafasi sawa michezoni, na fedha za nafasi hizo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye futiboli. Sasa kuna deni jingine, la haki kabisa. Kwa zaidi ya miaka mia moja wachezaji walijaza viwanja bila mshahara. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Mimi nayafurahia makubaliano hayo. Anayevunjika goti mbele ya watu laki moja anastahili sehemu ya kiingilio chao.

Lakini fedha hizo zitoke kwa nani? Tennessee ilijibu mapema: Septemba 2024 ilitangaza kwamba tiketi za msimu wa 2025 zitaongezewa tozo ya asilimia 10 kwa ajili ya wachezaji. Nawapa sifa kwa kusema wazi. Ila asilimia 10 kwa mwenye chumba cha kifahari cha kutazamia mechi ni hela ya kawaida, na kwa familia ya watu wanne kwenye viti vya juu inaweza kuwa ndiyo safari yenyewe.

Michigan imeshaonyesha kinachotokea chuo kikiwageukia wanafunzi. Mwaka 2013 ilifuta utaratibu wa kuwapangia viti kwa ukongwe, ikawa anayewahi ndiye anayekaa mbele. Kufikia 2014 tiketi ya msimu ya mwanafunzi ilikuwa dola 295, na jukwaa lao likaanza kuonyesha mapengo. Vuli hiyo wanafunzi waliandamana wakidai mkurugenzi wa michezo, Dave Brandon, aondoke. Bei haikuwa sababu pekee. Kulikuwa na hasira kubwa juu ya mchezaji aliyerudishwa uwanjani akiwa na dalili za mtikisiko wa ubongo. Brandon alijiuzulu Oktoba 31, na kwa msimu wa 2015 bei ikashushwa hadi dola 175. Hao ndio wanunuzi wa tiketi wa miaka thelathini ijayo. Ukiwafukuza wakiwa na miaka ishirini, utawatafuta wakiwa na hamsini.

Alabama ilikuwa na tatizo tofauti: wanafunzi waliingia, kisha wakaondoka timu ikishaongoza kwa pointi nyingi. Kocha Nick Saban alilalamika hadharani. Mwaka 2019 chuo kikaleta programu ya simu inayofuatilia mwanafunzi alipo: pointi 100 kwa kufika, 250 zaidi kwa kubaki hadi robo ya nne, ya mwisho, na mwenye pointi nyingi anatangulia kupata tiketi za mechi kubwa. Hapa siwezi kuwatetea. Kijana akiondoka kwenye jua la Septemba timu yake ikiongoza kwa arobaini, hajakosea kitu cha kufuatiliwa kwa simu.

Texas A&M inatumia foleni. Wiki ya mechi, wanaomaliza masomo wanachukua tiketi Jumatatu, mwaka wa tatu Jumanne, wa pili Jumatano, wa kwanza Alhamisi. Kabla ya mechi kubwa mahema husimama nje ya uwanja wao, Kyle Field, usiku kucha, vitabu na magodoro ndani. Ikifika Jumamosi wanafunzi husimama mechi nzima, desturi inayotokana na E. King Gill, mwanafunzi aliyeitwa kutoka jukwaani Januari 1922 avae jezi majeruhi walipozidi. Hakucheza hata dakika moja, lakini alikuwa tayari.

Foleni nayo ina bei yake. Mwanafunzi anayefanya kazi ya usiku mgahawani hawezi kulala kwenye hema, na wenye muda mara nyingi ndio wenye wazazi wa kuwalipia. Hata hivyo naichagua foleni kuliko mnada, mradi kikundi kiweze kumtuma mmoja awachukulie wenzake. Muda wa tajiri na wa maskini una saa zile zile ishirini na nne. Akaunti zao za benki hazifanani hata kidogo.

Kama ningeulizwa, tozo ya wachezaji ningeiweka kwenye vyumba vya kifahari na viti vya wachangiaji, na tiketi ya mwanafunzi isiguswe. Northwestern imeelekea kwingine: imebomoa uwanja wake wa watu zaidi ya 47,000 na kujenga wa 35,000. Viti vimepungua kwa elfu kumi na mbili, na tutajua hatima ya jukwaa la wanafunzi siku bei za mechi kubwa zitakapotoka.