Marahaba, Huo Mpira ni Wangu

Sikulia. Naanza na hilo kwa sababu toleo la swahiba wangu la kisa hiki limeshafika hadi kwa shemeji zangu, na ndani yake nimepiga magoti, nimeshika kofia kifuani, nalia. Magoti, ndiyo. Kofia, ndiyo. Machozi, hapana. Lile lilikuwa jasho, na yeyote aliyewahi kutafuta mpira wa gofu kwenye majani saa saba mchana atanitetea.

Na kingine: sikumwibia mama wa watu mpira. Kuiba kuna maana yake. Mimi niliupiga tu. Niliupiga vizuri mno, na kesi yote imeanzia hapo.

Haya, sogeeni.

Swahiba mnamjua. Wiki nzima ananitumia tangazo la kile kiwanja cha shamba: mashimo 9, bei ya mnyonge, fimbo unaazimwa, karibuni wote wa kila kiwango. Hayo maneno "kila kiwango" ndiyo yaliyoniponza. Nikajua na mimi nimo. Baadaye ndipo nikaja kusoma kwamba tangu 2020, kwa mfumo wa handikapu unaotumika duniani, mchezaji dhaifu kupita wote anapewa 54, yaani anasamehewa mapigo 54 kwenye mashimo 18. Matatu kila shimo. Mimi siku ile nilihitaji msamaha wa aina nyingine.

Nilitegemea geti, mlinzi, na watu wenye soksi za kufika magotini. Nikakuta kibanda cha mbao, mbwa amelala mlangoni, na ng'ombe ng'ambo ya ua wanatutazama kama waamuzi. Kijana wa kibandani akanikabidhi mfuko wenye fimbo saba. Sheria inaruhusu hadi 14, akasema, ila kwa mtu wa mara ya kwanza hizo saba zenyewe ni nyingi. Akaongeza mipira mitatu iliyochubuka, kisha akaniuliza kama draiva nitaiweza. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba hapana, nimekuja na mwenzangu, yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani.

Kumbe draiva ni ile fimbo ndefu yenye kichwa kama kiatu cha mtoto. Kijana hakucheka. Mbwa ndiye aliyeinuka akaondoka.

Mashimo matatu ya kwanza nayaruka. Kwa kifupi: nilipiga hewa mara nne, na kwenye gofu hewa inahesabiwa. Ukikusudia kuupiga mpira ukaukosa, hilo ni pigo, liandike. Mahali pa kuanzia panaitwa tii, na kitu pekee kilichotii pale ni kofia yangu, iliyoanguka kila nilipozungusha kiuno. Swahiba alinifundisha kupiga ukelele wa "foo!" mpira ukielekea kwa watu, koo lilikauka kabla ya mkono kuchoka. Mpira mmoja ukaingia bwawani. Mpira wa gofu hauelei, msije mkakaa kuusubiri kama mimi.

Sasa shimo la nne. Naomba mshike jiografia, maana bila jiografia mtamwamini yule.

Kwenye kiwanja kidogo namna ile njia za mashimo zimelala ubavu kwa ubavu. Ya nne inapanda kilima. Ya tano inaanzia kule juu, inashuka kurudi ulikotoka. Katikati yao kuna mstari wa misonobari na majani marefu. Majani hayo wenyewe wanayaita rafu. Mimi rafu ninayoijua ni ile ya mpira wa miguu, ya kupigwa mtama ukabebwa kwa machela, lakini nilipotoka mle na miiba hadi ndani ya soksi nikaona jina limekaa.

Mpira wangu ulianza safari kuelekea kilimani kama mtu mwenye akili zake. Halafu katikati ya hewa ukakumbuka kitu, ukakata kulia, ukazama mitini. Tok. Swahiba akatazama saa, akasema nina dakika tatu. Hakuwa ananionea, ndiyo sheria tangu 2019, zamani zilikuwa tano. Zikiisha hujauona, mpira umepotea, hata ukajitokeza dakika ya nne unakuchekea.

Kabla hatujaanza aliniambia jambo moja nikalipuuza: tia alama mpira wako. Mipira mingi imechapwa namba, mara nyingi moja hadi nne, kwa hiyo namba peke yake si kitambulisho. Wangu ulikuwa namba 3. Nikamjibu, "Nani mwingine atakuwa na namba 3 huku shamba?"

Sentensi hiyo ameiweka kama kichwa cha habari kwenye toleo lake. Hapo sina pingamizi.

Dakika mbili na nusu. Nikatokea upande wa pili wa miti, jasho machoni, na ule pale. Mweupe. Umekaa juu ya nyasi fupi kama yai kwenye pamba. Nikainama. Namba 3.

Nitasema ukweli, kwa kuwa video aliyochukua swahiba haioneshi sehemu hii na ningeweza kuificha. Pembeni ya ile namba niliona vidoti viwili vyekundu. Niliviona kabisa. Akili ikanijibu papo hapo: hiyo ni rangi ya matunda ya mti uliogongwa. (Miti yenyewe ilikuwa misonobari. Najua. Msiniandikie.)

Sikutazama kushoto, sikutazama kulia. Ningetazama kulia ningemwona mama wa umri kama wa miaka sabini, kofia nyeupe, glavu mkono mmoja, ametoka kumsaidia mwenzake kutafuta mpira ng'ambo ya njia, na sasa anarudi taratibu akivuta kitoroli chake. Hatua ishirini. Kumi na tano.

Mimi huku nachomoa fimbo ya chuma, namba 7.

Nikalegeza magoti. Nikajisemea: kichwa chini, usiinue macho, usiwe na haraka, wewe si mtu wa kuua nyoka. Fimbo ikapanda. Hata ng'ombe wakaacha kutafuna. Fimbo ikashuka, na ikatoka sauti ambayo tangu asubuhi sikuwa nimeitoa. Asubuhi nzima nilikuwa natoa "chwaa" na "pu". Hii ilikuwa "tak", kavu, kama kufuli jipya linapojifunga. Mikononi sikusikia chochote. Wanaocheza watanielewa: ukiupata katikati ya uso wa fimbo husikii kitu, ukikosea ndipo viganja vinapoungua.

Kitu cha gramu zisizotimia 46 kikaondoka duniani. Kikavuka misonobari. Kikasimama juu kule, kidoti tu, kama kinafikiria. Kikashuka kwenye grini ya nne, zile nyasi zilizonyolewa penye kishimo na bendera yake, kikadunda mara moja, kikabingirika, kikatulia hatua mbili kutoka kwenye bendera. Hatua mbili, jamani. Kishimo chenyewe kina upana wa milimita 108, nami kwa mbali vile nilikuwa nakiona kama mlango wa ukumbi.

Wakati huohuo kipande cha udongo na nyasi, ukubwa wa kandambili, kilichong'olewa na fimbo, kikatua begani kwangu. Sikukipangusa. Nilikivaa kama cheo.

Kisha nikafanya mambo matatu. Nikatupa fimbo. Nikapiga magoti na kofia kifuani. Na la tatu, nikanyanyua uso mbinguni nikamwita mama yangu mzazi, ambaye saa hiyo alikuwa kwake amepumzika na hajui hata gofu inachezwa kwa mkono au kwa mguu. Nikaita kwa sauti ya kutoka tumboni:

"Mama! Umeniona?"

Nyuma yangu sauti ikajibu, "Nimekuona."

Naomba mkae na mimi hapo kidogo, maana mimi nilikaa sana. Zipo sekunde nne au tano ambazo niliamini kabisa ni muujiza. Nikageuka bado niko magotini. Yule mama amesimama, fimbo mkononi, wala hanitazami mimi. Anatazama pale chini nilipotoka kuchimba. Anapatazama kama mtu aliyekwenda kuchota maji akarudi akakuta kigoda chake hakipo.

Nikaelewa vyote kwa mpigo mmoja: vidoti, misonobari, njia ya tano, na kandambili begani. Nikafungua mdomo niombe radhi. Kilichotoka, kutokana na malezi, ni hiki:

"Shikamoo."

"Marahaba," akasema. "Huo mpira ni wangu."

"Namba 3?"

"Namba 3. Vidoti viwili vyekundu."

"Mama, nilidhani ni matunda."

Akaitazama misonobari. Akaanzia mmoja, akaenda hadi wa mwisho, bila haraka, kama anautafutia utetezi wangu tawi la kukalia. Halafu akanitazama mimi.

"Sasa mbona hukunizuia, mama?"

"Ulikuwa umeshainua fimbo, mwanangu. Mtu anapopiga haongeleshwi."

Yaani adabu yake ndiyo iliyompotezea mpira. Na siyo kupotea tu. Yeye alikuwa anashuka. Pigo lake lilikuwa limemfikisha karibu kabisa na grini ya tano kule chini. Mimi nikaurudisha mpira wake juu kilimani, karibu na alikoanzia, tena kwa shangwe.

Hapo akanisomea hukumu, pole pole, bila kupandisha sauti, huku mimi nimesahau kusimama. Yeye hana kosa: mpira uliosogezwa na mtu asiyehusika na mchezo wake unarudishwa pale ulipokuwa, bila adhabu. Ila pale ulipokuwa sasa ni shimo, kazi yangu. Kwa hiyo ataulaza palipo jirani penye nyasi zinazofanana na zile, usizidi urefu wa fimbo moja, wala usikaribie bendera zaidi. Na mimi, kwa kupiga mpira usio wangu, mapigo mawili ya adhabu.

"Na lile pigo je?" nikauliza.

"Pigo gani?"

"Lile la... hatua mbili na bendera."

"Hilo halihesabiwi."

Rafiki zangu. Nimepiga hewa mara nne, zote zimeandikwa. Nimeupiga mpira mara moja, haikutokea.

Yaliyofuata ni mbio tu. Sheria ilimruhusu kuweka mpira mwingine, mwenyewe alisema, "lakini ule ninaupenda." Basi nikapanda kilima mbio na cheo changu kikimomonyoka begani. Kuna watu watatu walikuwa wanasubiri nyuma yetu. Waliona mtu anakimbilia mpira ulio hatua mbili na shimo, anasimama juu yake sekunde kadhaa (nakiri, nilitamani niusukume tu), kisha anaunyakua na kushuka nao mbio. Mmoja alivua miwani. Nikaukabidhi kwa mikono miwili. Mama akaulaza, akapiga. Tak. Sauti ile ile. Kumbe huenda ilikuwa sauti ya mpira, siyo yangu. Wangu hatukuuona, dakika tatu zilishakwisha zamani, nikarudishwa tii na pigo la adhabu juu. Mashimo yaliyobaki nimeyasahau kwa makusudi.

Jioni akatukuta kibandani. Akaniomba mpira niliobakiza, akauzungusha mkononi, akacheka kwa mara ya kwanza kutwa nzima: nao ulikuwa namba 3. Akatoa kalamu ya wino mfukoni mwa kitoroli, akaandika kwa herufi kubwa, akaupuliza ukakauka, akanirudishia.

SI WA MAMA.

Ninao hapa mezani ninavyoandika. Nimeusugua kwa sabuni, hautoki. Swahiba anataka Jumamosi turudi, nami bado nazungusha jibu. Video nimemsihi aifute. Ameifanya ndiyo salamu ya kuwakaribisha wageni kwenye kundi letu. Nimeiangalia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri hapa. Magoti yamo, kofia imo, kandambili begani imo, "Nimekuona" inasikika vizuri kuliko kitu kingine chochote.

Pigo halimo. Aliwasha simu aliposikia namwita mama.