Magazijuto kaenda Texas

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2003 na F ya Hisabati. Sikulia peke yangu: darasani kwetu waliofaulu somo hilo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na hadi leo matokeo yakitoka Hisabati ndiyo huburuta mkia. Tulijifariji kwamba hesabu zina wenyewe. Nikaenda zangu HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na ndoto ya kukaa dirishani benki ikafia hapo.

Miaka 13 baadaye niko Houston nabeba boksi. Boksi lenyewe ni zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, lakini nyie mnajua tunavyosema. Nikataka kusomea uuguzi, nikaenda komyuniti koleji, vile vyuo vya miaka 2 ambavyo havikuulizi ulipata divisheni ya ngapi. Kweli hawakuniuliza. Walinikalisha mbele ya kompyuta nifanye mtihani wa kunipima.

Humo nikakutana na swali la sarafu. Mtu ana nikeli kadhaa na daimu kadhaa, jumla yake dola fulani, je, ana ngapi za kila aina? Mlinganyo ningeuunda, ila nikeli ni senti ngapi? Swali halisemi. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza nchini na kila kitu nalipa kwa kadi. Nikavuta picha ya sarafu nilizowahi kurudishiwa dukani, ile kubwa nikaipa thamani kubwa. Kumbe daimu, kadogo kuliko zote, ni senti 10, na nikeli yenye unene wake ni senti 5. Mpaka leo najiuliza kama pale nilipimwa aljebra au nilipimwa nimekulia wapi.

Basi nikapangiwa aljebra ya kujazia, mihula 2, kabla ya kuruhusiwa kugusa hesabu za chuo zenyewe. Ukitaka kuielewa fikiria pre-form one, ila wanafunzi wana wajukuu. Kulia kwangu alikaa mama wa miaka sitini na kitu, kushoto fundi magari kutoka Meksiko anayekuja na mafuta kwenye kucha, nyuma vijana wa miaka 18 ambao 7 mara 8 wanaitafuta kwenye kikokotoo. Mimi tebo ninazo kichwani, nikavimba kidogo.

Uvimbe ulishuka wiki ya pili. Mwalimu aliandika ubaoni 12 ÷ 2 × 3. Nusu ya darasa wakasema 2, kwa sababu wao wameimbishwa wimbo wao ambao kuzidisha kunatajwa kabla ya kugawanya. Mimi nikasema 18, na 18 ndiyo jibu. Magazijuto oyee! Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Darasa la tano tuliimba hadi paa likatikisika. Halafu akaandika 10 − 4 + 3. Nikanyoosha mkono tena, nikasema 3. Jumlisha kabla ya kutoa, si ndivyo? 4 na 3 ni 7, 10 toa 7, imebaki 3.

Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unafuata kushoto kwenda kulia, kama kuzidisha na kugawanya. Labda mwalimu wangu wa msingi alieleza na mimi nikabaki na wimbo tu. Ninachokumbuka ni kwamba tulikuwa zaidi ya 80 darasani, na ukikosea unanyoosha mkono, unachapwa, linaitwa jina linalofuata. Huyu wa Texas alisema, "Nionyeshe ulivyofika kwenye 3." Nikamwonyesha. Akacheka, akawaambia wenzangu kuwa wimbo wao na wimbo wangu vina tundu moja, mahali tofauti. Kisha akaniambia nipite ofisini kwake. Jamani, kuitwa ofisini! Nilikwenda huku tumbo linanguruma. Kumbe mwalimu hukaa pale saa maalumu kila wiki akisubiri wanafunzi waje kuuliza, na mara nyingi hawaji.

Hapo naipa Marekani maksi zake zote. Ila wanaotuma picha za kampasi kwenye magrupu hawasemi habari ya pesa. Kozi ya kujazia unailipia ada kama kozi nyingine, unanunua na namba ya kufungulia programu ya mazoezi, ambayo muhula ukiisha inakufa, halafu krediti, yaani pointi za masomo unazokusanya kuelekea shahada, unapata sifuri. Ruzuku ya serikali ya Pell inakubali kulipia masomo haya hadi krediti 30, basi, nayo inakula sehemu ya muda wako wa kupewa ruzuku maishani. Fundi magari hakurudi muhula wa pili. Hakufeli, alikuwa na B. Alichoka kulipia kitu kisichohesabiwa.

Mwaka 2017, mimi nimeshalipa, bunge la Texas lilipitisha sheria ya kuvitaka vyuo, hatua kwa hatua, viwaingize wanafunzi wa aina yetu kwenye kozi yenye krediti moja kwa moja huku wakipewa darasa la msaada pembeni. California nayo ilibadilisha mambo mwaka huohuo. Naunga mkono, japo nusu nusu. Bila ile miezi ya kurudishwa kwenye 10 − 4 + 3 ningezama kwenye hesabu za chuo na msaada wao pembeni. Kinachoniuma ni risiti.

Dada yangu yuko Morogoro. Binti yake wa mwisho kapata F ileile. Nilipopiga simu nikaambiwa anatafutiwa fundi cherehani, maana "kashafeli hesabu, ataenda wapi?" Nikamwambia dada, kurisiti kupo, mtahiniwa wa kujitegemea yupo tangu enzi zetu, shida yetu ni aibu. Nimetuma hela ya kujiandikisha. Sasa kila Jumamosi saa mbili asubuhi yangu, kwake saa kumi jioni, ananipigia kwa video, anaegemeza simu kwenye kopo la maji.

Jumamosi ya kwanza nikamwandikia 10 − 4 + 3. Akainama, midomo inacheza, najua kabisa anaimba nini. Akainua daftari mbele ya kamera. Kaandika 3, kapiga na mistari miwili chini yake.