Kabla ya unga wa homoni, tazama chumvi yako

Siku hizi hapa Mbeya kila kitu ni homoni. Dada kanenepa, homoni. Mzee hana raha, homoni. Na kwenye makundi ya WhatsApp hakosi muuza unga wa kijani, vijiko viwili kwenye uji, eti "unabalansi homoni zote". Zote? Insulini hutoka kwenye kongosho ikashusha sukari ya damu. Adrenalini hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo ikakuandaa kukimbia au kupigana. Unga mmoja unajuaje ipi ipande na ipi ishuke?

Kinachonikera ni kwamba tatizo la homoni lililo letu hasa, watu wa nyanda za juu, tunalipita sokoni bila kulitazama. Nasema rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo. Huko milimani wapo akina bibi wanaojifunga kitambaa shingoni hata jua likiwaka, na wapo walioambiwa wamerogwa.

Tezi ya shingo hutengeneza thairoksini, na kila molekuli yake inataka atomu 4 za madini joto (iodini). Mvua za milimani huyaosha madini hayo udongoni, ndiyo maana mazao yetu huwa nayo haba. Thairoksini ikipungua, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo hutoa TSH, homoni ya kuihimiza tezi ya shingo iongeze kazi. Malighafi hakuna, amri haikomi, tezi inavimba. Kwa mjamzito ni hatari zaidi: ubongo wa mtoto hutegemea homoni ya mama, na upungufu mkubwa unaweza kumwachia ulemavu wa akili wa maisha.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, mjamzito 250. Lakini angalia chumvi inavyouzwa: gunia limefunguliwa mdomo, limelowa upande mmoja, muuzaji anachota kwa kopo. Unyevu na jua hupunguza madini joto hata kama yaliwekwa kiwandani. Kwangu mimi, chumvi ya kula isingeuzwa hivyo kabisa. Nunua ya pakiti yenye madini joto, ifunike, itie chakula kikikaribia kuiva. Wala usizidishe; presha nayo ipo.

Aliyekwisha vimba aende hospitali, maana si kila uvimbe wa shingo ni upungufu wa madini joto. Na wewe unayechoka ovyo na kusikia baridi kuliko wenzako (Juni ya hapa haihesabiwi!), mwulize daktari kuhusu kipimo cha TSH. Ni damu kidogo tu ya mkononi.