Aibu Ilikuwa Daktari Wangu wa Kwanza

Mimi ni mwalimu wa hisabati, nina miaka 54, na hapa ninapoandika nimevaa nepi. Nimelitanguliza hilo makusudi kwa sababu najijua: ningeliacha lije katikati, ningezungukazunguka mpaka maneno yaishe sijalisema.

Nimeivaa leo kwa ajili ya safari ya basi ya muda wa saa tano. Siku za kawaida sivai kitu, au naweka kipedi kidogo cha kiume ndani ya chupi, basi. Lakini miaka mitatu ya mwanzo ya tatizo hili la kushindwa kuzuia mkojo nilitibiwa na daktari mmoja tu, naye ni aibu. Nilimtii kuliko nilivyowahi kumtii daktari yeyote wa koti jeupe, na karibu kila alichoniandikia kilinizidishia ugonjwa.

Lilianzia mlangoni. Narudi kutoka kazini, sijabanwa kivile, lakini ufunguo ukigusa tu kitasa, kibofu kinakuja juu kama kimeitwa jina. Siku moja ufunguo ukagoma kuzunguka. Nina mkoba wa madaftari begani, miguu nimeipishanisha, nakibembeleza kitasa kwa sauti kabisa, "funguka basi, funguka." Kikafunguka. Nilikuwa nimeshachelewa, na soksi ya kushoto imeshalowa. Huwa ni ya kushoto kila mara, sijui kwa nini.

Kesho yake aibu ikatoa dawa ya kwanza: nenda msalani kila upatapo nafasi, hata kama hujabanwa. Busara tupu, au siyo? Nikawa naenda kabla ya kipindi, baada ya kipindi, kabla ya kutoka, na nikifika. Kumbe kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 400 hadi 500 hivi. Wito wa kwanza huja kikiwa hakijafika hata nusu, na kazi ya ubongo ni kuujibu "bado". Wangu niliunyima nafasi ya kujibu. Kila nilipokimbilia choo na robo kikombe ya mkojo, nilikuwa nakifundisha kibofu kwamba robo kikombe ndiyo kujaa. Kufundisha kwa kurudiarudia ndiyo kazi yangu, kikaelewa somo. Mtu mzima kwa kawaida huenda haja ndogo mara 4 hadi 8 kwa siku. Mimi nilifika mara 14.

Dawa ya pili: usinywe maji. Nikawa nashinda koo kavu, nasimamia vipindi viwili vya mfululizo kwa mate tu. Mkojo ukawa mchache, wa njano iliyokolea, na mkojo wa namna hiyo hukikera kibofu, kikazidi kubana. Harufu, ambayo ndiyo niliyoiogopa kuliko kulowa kwenyewe, ikaongezeka. Na choo kikawa kigumu. Utumbo uliojaa hukaa nyuma ya kibofu ukikisukuma. Basi nikaukausha mwili, nikalowesha nguo.

Ya tatu naisema nikiwa nimefumba jicho moja. Niliiba pedi za mke wangu. Kununua kulitaka niseme neno mbele ya mtu, kuiba hakukutaka. Shida ni kwamba pedi ya hedhi imetengenezwa kwa damu, ambayo hutoka taratibu. Mkojo wa ghafla huja kwa mpigo. Pedi ile haiwahi kuumeza, unapita pembeni. Nikawa nalowa na pedi ninayo, nikahitimisha kwamba mimi nimeshaharibika kiasi cha kutosaidiwa na kitu chochote.

Aliyenikamata ni hesabu. Mke wangu alizihesabu pedi zake, akasubiri watoto walale, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba watoto, pedi zangu unampelekea nani?"

Ndani ya swali lile alikuwamo mwanamke. Ikabidi nichague: nimwambie ukweli, au nibebe kesi ya mwanamke ambaye hayupo. Nakiri nilisita. Kisha nikasema yote, mpaka soksi. Alinyamaza, akaanza kucheka, akajizuia, akaniambia kwamba yeye kicheko hicho hicho humtoa mkojo, na chafya pia, tangu uzazi wa pili. Miaka 17. Tumelala kitanda kimoja miaka yote hiyo, kila mtu anafua zake kwa siri.

Wanawake hupatwa na hali hii takriban mara mbili ya wanaume, lakini yake na yangu si kitu kimoja. Yeye ni misuli ya chini ya nyonga iliyolegea: akikohoa, akicheka, akinyanyua kitu kizito, tumbo linasukuma na mlango wa chini hauhimili. Mimi ni kibofu chenye haraka, kinachojikunja kabla ya kuruhusiwa. Wapo wenye yote mawili. Wapo ambao kibofu hakimalizi, kinajaa na kufurika kidogokidogo, na kwa wanaume mara nyingi ni tezi dume iliyotanuka. Wapo waliopata kiharusi, au kisukari kilichogusa mishipa ya fahamu. Na wapo wenye kibofu kizima kabisa, ila magoti hayawafikishi msalani kwa wakati. Ndiyo maana hasira hunipanda nikisikia mtu anaambiwa "ni uzee tu huo, zoea." Uzee si jina la ugonjwa, na kila moja kati ya hayo lina njia yake.

Mke wangu ndiye aliyenipeleka hospitali, na tulikwenda wote wawili kama wanafunzi waliokamatwa na kosa moja. Nilipimwa mkojo, sukari na tezi dume, nikaangaliwa kwa ultrasaundi kama kibofu kinabakiza mkojo baada ya kujisaidia. Kisha nikaulizwa dawa ninazotumia. Ile ya shinikizo la damu, inayotoa maji mwilini, nilikuwa naimeza jioni. Daktari akaihamishia asubuhi. Nikaacha kuamka mara nne usiku. Kusogeza kidonge kutoka jioni kwenda asubuhi, na ilinichukua miaka mitatu kwenda kuambiwa!

Mke wangu alipewa mazoezi ya misuli ya nyonga. Wengi huyaita kwa jina la Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani aliyeandika kuyahusu mwaka 1948. Unabana kama mtu anayezuia kujamba mbele ya wageni (maelezo ya mtaalamu, si yangu), unashikilia, unaachia. Mara 8 kwa mkupuo mmoja, mikupuo mitatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Wengi huacha wiki ya tatu kwa kuona hakuna kitu, na wengi hubana makalio na tumbo badala ya penyewe. Kilichomsaidia mapema ni ujanja mmoja: kubana kabla ya chafya kutoka. Sasa chafya ikimjia anainua kidole, sote tunanyamaza, anapiga, anashusha kidole. Watoto wanadhani ni mzaha wake.

Mimi nilipewa daftari na kikombe cha kupimia. Siku tatu niandike nimekunywa nini, nimekojoa saa ngapi, kiasi gani, na wapi nimelowa. Nikachora na grafu, ni ugonjwa wangu mwingine. Kiasi kikubwa kabisa kilichowahi kutoka kwa mara moja kilikuwa mililita 150. Nilikuwa nimekifungia kibofu changu kwenye chumba kidogo kwa mkono wangu mwenyewe, namba zilikuwa pale mezani.

Tiba yake ilikuwa kukitoa humo kwa kuchelewesha kwenda choo, dakika 15 kwa dakika 15. Nikibanwa, nisikimbie, maana kukimbia ndiko kunakomwaga. Nisimame, au nikae, nibane misuli mara tano sita za harakaharaka, niupe ubongo kazi nyingine. Mimi huhesabu kutoka 100 kurudi nyuma kwa saba saba: 93, 86, 79, 72. Haja ya ghafla ni kama wimbi, hupanda, hukaa kileleni, hushuka. Mara nyingi nikifika 44 linashuka. Hapo ndipo naenda, tena kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Niliwahi kufika 2 na bado limesimama pale pale. Siku hiyo nililowa, nikabadilisha, nikaendelea na siku yangu. Nilipomaliza mwezi wa pili nilikuwa naweza kukaa saa mbili na nusu. Ufunguo na kitasa bado vinanichokoza, ila sasa naingia ndani, naweka mkoba, navua viatu kwanza. Makusudi.

Aibu hii imeshaua mtu mkubwa, kwa kadiri ya masimulizi ya msaidizi wake, Johannes Kepler. Mnajimu Tycho Brahe alikuwa kwenye karamu mjini Prague mwezi Oktoba 1601, akabanwa, akaona kuondoka mezani ni utovu wa adabu. Alipofika nyumbani mkojo haukutoka ipasavyo tena. Alikufa siku 11 baadaye. Mtu aliyepima nyota kwa usahihi wa ajabu akiwa hana hata darubini, akashindwa kusema "samahani, natoka mara moja." Tangu niisome habari hiyo, mwanafunzi akininyooshea mkono kuomba kwenda msalani namwonyesha mlango kabla hajamaliza sentensi. Zamani nilikuwa nasema subiri kipindi kiishe.

Sasa nepi. Niliidharau nepi kwa kosa la jina, kwa sababu niliijua ya watoto. Siku ya kwanza niliponunua pakiti, nilichana moja juu ya beseni, nikakung'uta poda yake kwenye bilauri, nikamimina maji mpaka nusu. Nikahesabu kidogo, nikapindua bilauri kichwa chini. Halikudondoka tone. Chembe zile huyafunga maji yakawa jeli, na ndiyo sababu nepi nzuri humwacha mtu mkavu kwa nje ilhali imebeba mengi ndani. Kuanzia hapo niliacha kuiona kama hukumu, nikaiona kama kifaa, na kifaa kina vipimo vyake: cha kuvuta kama chupi, cha kufunga pembeni, chembamba cha mchana, kinene cha usiku. Ukikosea saizi inavuja mapajani, haijalishi bei. Ngozi nayo inataka nidhamu: badilisha mapema, osha kwa maji bila sabuni kali, kausha kwa kugusagusa badala ya kusugua, paka mafuta mazito ya kuzuia maji lakini kidogo tu, maana ukipaka mengi yanaziba nepi isinyonye.

Kuna jambo dogo linaloudhi kuliko ukubwa wake: vyoo vingi vya wanaume havina pipa. Waliovijenga hawakuwaza kwamba mwanaume anaweza kuwa na kitu cha kutupa. Nimewahi kutembea nusu siku na nepi iliyotumika, imefungwa kwenye mifuko miwili, ndani ya mkoba mmoja na mitihani ya kidato cha pili. Nilisahihisha mitihani ile kwa huruma isiyo ya kawaida.

Lakini naitetea nepi mpaka hapo tu. Nimeona wazee wakivishwa nepi kwa kuwa anayewatunza hataki kuwasindikiza msalani. Mzee anajua amebanwa, anasema amebanwa, anajibiwa "si umevaa? Jisaidie humo humo." Huyo hana shida ya kibofu, ana shida ya sisi. Baada ya wiki kadhaa za kujibiwa hivyo anaacha kusema, halafu tunasimulia kwamba siku hizi hajijui. Na hata yule anayeihitaji kweli, sioni kwa nini aulizwe mbele ya wageni kama ameshabadilishwa. Mama yangu mkubwa alikuwa akigeuza uso ukutani kila swali hilo lilipoulizwa. Nilikuwepo chumbani, na sikusema kitu.

Sitamdanganya mtu kwamba kila anayehesabu kwa saba saba atakauka. Aliyeumia uti wa mgongo, au mwanamke aliyepata fistula ya uzazi na mkojo unamtiririka mchana na usiku, habari yake ni ya upasuaji na wataalamu, si ya mazoezi ya kwenye kiti. Wa kushindwa kuzuia haja kubwa wana mzigo ambao mimi sijaubeba, wausimulie wenyewe. Kwa wenye kibofu kama changu zipo pia dawa za vidonge, ipo sindano ya botulini, dawa ya kulegeza misuli, kwenye ukuta wa kibofu, kama mazoezi hayakutosha. Na ukiona damu kwenye mkojo, usingoje. Ukipoteza udhibiti ghafla huku katikati ya mapaja kumekufa ganzi au miguu imelegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mke wangu amenifungia begi. Mfuko wa pembeni una nepi mbili za akiba, suruali nyeusi, na soksi jozi moja ambayo ameiwekea utani wa kijikaratasi, "ya kushoto kwanza." Basi linaondoka saa kumi na mbili jioni. Nimeshakunywa bilauri mbili za maji.