Nilisema "We!" tu

Wakati huo sikujua kama neno fupi hivi linaweza kubomoa banda la kuku.

Ilikuwa Kisumu, mtaa wa Milimani, kwa mama mmoja ambaye mwembe wake ulikuwa umelalia paa la nyumba. Mvua za huku ziwani huja jioni na upepo wake, na mama alikuwa hapati usingizi. Mimi ni mtu wa juu: msumeno wa injini, kamba ya kiunoni, ngazi ya mbao. Kwetu ni Vihiga. Kijana wangu wa chini wa siku zote alikuwa ameenda matangani, kwa hivyo nikapewa jamaa wa Seme, Mjaluo, mikono kama koleo.

Kazi ya mtu wa chini si kutazama tu. Tawi zito hufungwa kamba, kamba ikapitishwa kwenye panda la juu, kisha ikazungushwa kwenye shina ili mti wenyewe ubebe uzito, naye anaachia kidogo kidogo. Jamaa akazungusha mara moja tu.

"Omera," yaani ndugu, "hii nashika na mkono."

Nami nikanyamaza, kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Hilo kosa ni langu.

Nikatia msumeno chini ya tawi kidogo, lisije likachana gamba, nikamalizia juu. Likakatika safi, likaning'inia juu ya banda likizunguka polepole. Nikazima injini. Kuangalia chini, jamaa anatazama embe lililoangukia karibu na mguu wake! Nikapaza sauti:

"We!"

Si ndivyo tunavyoitana? We, tazama huku. Sasa, kwa Kijaluo, "we" maana yake ni acha.

Akaacha. Mtu mtiifu sana yule. Kamba ikapita kwenye panda ikilia fyuuu, tawi likapiga ngazi yangu likaikata vipande viwili, halafu likaketi juu ya banda. Mabati yakalala. Kuku wakatoka kila upande kama abiria wa matatu inayowaka moto, jogoo akapanda ukuta akaanza kutusuta. Hakufa hata mmoja, Mungu ni mwema.

"Si umesema niache?" jamaa akauliza, mikono hewani.

Mama akatoka na mwiko wenye ugali. "Vijana, mmekuja kukata mti ama kubomoa boma?"

Tukapatana upya hapo hapo, mimi nikiwa juu bado. Nikisema "shikilia", anajibu "nimeshikilia", na asipojibu sikati. Nikisema "shusha", anajibu "nashusha". Kamba mizunguko mitatu. Neno "we" marufuku, faini soda moja.

Kazi ikaenda vizuri hadi mwisho. Ila ngazi haikuwepo tena, ikabidi nijifunge kamba niteremshwe mimi mwenyewe.

"Shusha!"

"Nashusha!"

Raha iliyoje. Nilikuwa nusu ya safari, natazama paa za jirani, mtoto wa mama alipoanza kukimbiza vifaranga. Sauti ikatoka jikoni:

"We!"

Mizunguko mitatu iliniokoa. Sikuanguka, niliteleza kama ndoo inayorudi kisimani, nikafika kwa makalio juu ya mabati yale yale. Jamaa akaja mbio, akanitazama vizuri kama niko mzima, kisha akainua kidole:

"Omera, hiyo soda analipa mama."